Mtihani wa Moto Kijijini Lwangilo

Kuanzia tarehe mosi Julai, 1975, moto wote unaotokea Mufindi uliwekwa chini ya utaratibu. Tangazo hilo lilitolewa Mbeya na Taasisi ya Utafiti wa Zana za Kukabili Maafa, likapigwa chapa nakala mia nne, na likasomwa kwa sauti katika kila kijiji ambacho Landrova ya Taasisi iliweza kufika bila kukwama. Lilisema kwamba enzi za wananchi kuzima moto kiholela, kila mtu na tawi lake, zimekwisha. Moto sasa ulikuwa na wataalamu wake.

Aliyepewa heshima ya kulifikisha tangazo kwa umma alikuwa Ndugu Asukile, Mratibu wa Elimu kwa Umma, kijana wa Tukuyu mwenye stashahada, suti ya kaunda ya kijivu, na imani. Katika hivyo vitatu, imani ndiyo iliyokuwa haijapauka. Asukile aliamini kwamba jambo likishaandikwa kwa namba za Kirumi haliwezi kuwa la kijinga, na tangazo lile lilikuwa na namba za Kirumi mpaka kumi na nne.

Kijiji cha Lwangilo, upande wa Igowole, kilikuwa na umri wa miezi kumi na moja. Watu wake walikusanywa mwaka uliotangulia kutoka mabonde matatu, wakaja na milango yao kichwani, kwa sababu mlango wa mbao ya Mafinga hauachwi nyuma. Walikuwa wamejenga mara ya pili, wameezeka mara ya pili, na maharage waliyopanda kwenye ardhi mpya ndiyo kwanza yanaanza kuwazoea. Kwa hiyo Asukile alipowaeleza kwamba kutakuwa na Mtihani wa Utayari, na kwamba kijiji kitakachopata chini ya alama sitini kitahamishiwa kando ya barabara kuu ili kiwe karibu na msaada, uwanja mzima ulinyamaza. Asukile aliandika kwenye daftari lake: "Wananchi wamepokea kwa utulivu."

Mstari wa mbele alikaa Verediana, mwalimu wa kisomo cha watu wazima na katibu wa kamati ya kijiji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye tabia mbaya ya kusoma karatasi mpaka mwisho kabla ya kuipigia makofi.

"Ndugu Mratibu," alisema, "tukifeli, tunahamishwa na nyumba zetu au bila nyumba zetu?"

"Bila. Lakini mtapewa eneo."

"Lina nini hilo eneo?"

"Lina nafasi," alijibu Asukile.

Kisha akafundisha Hatua Tano. Zilitungwa na Dakta Liberatus Kalinga, Mkurugenzi wa Taasisi, ambaye alikuwa ametafiti moto kwa miaka sita bila kuungua hata ukucha, na hilo peke yake lilionesha umakini wake. Hatua ya Kwanza ilikuwa Kutambua. Mwananchi hatakiwi kuutambua moto kwa macho, kwani macho hudanganya. Anautambua kwa Mtambo wa Kunusa Moshi, sanduku la bati lenye betri mgongoni na taa nyekundu usoni. Taa ikiwaka, moto upo. Isipowaka, upo moshi tu usio na kibali. Hatua ya Pili ni Kuthibitisha, ambapo watu wazima wawili na kiongozi mmoja hutia saini fomu. Ya Tatu ni Kuarifu: mtu anakwenda Mafinga kwenye simu, na simu inapigwa Mbeya. Ya Nne ni Kusubiri. Ya Tano ni Kushukuru.

Bibi Damari, aliyewahi kuzima moto wa kilima kizima akiwa na mimba ya miezi minane, aliomba kuuliza. Alisimama taratibu, akamsalimu kamwene kama inavyopasa kumsalimu mgeni hata akiwa mdogo, ndipo akauliza kutoka Mbeya mpaka pale ni mwendo gani.

"Saa saba, bibi. Kama daraja lipo."

"Na moto nao, baba, umeshaambiwa usubiri?"

Watu walitazama chini, kila mmoja akikuna kitu kwenye mguu wake. Asukile aliandika: "Upo upinzani wa kifikra, hasa kwa wazee."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Saulo, alijaribu kusaidia. Alieleza kwamba kwao tangu zamani, aonaye moto hupiga yowe, na asikiaye yowe huacha jembe, chungu, hata maiti, akakimbilia huko. Vijana na akina mama huvunja matawi mabichi ya miwati na kujipanga mstari, wakaupiga moto wakienda nao bega kwa bega. Wazee hutangulia mbele kuchoma kipande cha nyasi, ili moto ukifika ukute pamekwisha kuliwa. Na mtu akisikia yowe akabaki nyumbani, hasalimiwi na yeyote mpaka alete debe la pombe ya komoni. Asukile alimsikiliza kwa huruma yote aliyofundishwa chuoni.

"Hilo tawi, mzee, limefanyiwa utafiti wapi?"

Mzee Saulo alikiri kwamba hajui. Basi matawi yakapigwa marufuku kama zana zisizotafitiwa, na kila tawi litakaloonekana mkononi mwa mwananchi wakati wa mtihani likapewa adhabu ya alama ishirini.

Elimu haikuishia kwenye maneno. Taasisi ilikuwa imeletewa na wafadhili picha kubwa za rangi, na Asukile alizibandika kwenye ukuta wa ghala. Picha ya kwanza ilionesha jengo la ghorofa tisa likitoa moshi, na mtu mwenye tai akiwa amesimama mbele ya kabati la chuma lililo wazi. Chini yake paliandikwa kwamba wakati wa moto ni marufuku kutumia lifti. Asukile alieleza lifti ni nini. Wazee walishauriana kidogo kwa Kihehe, wakauliza kama ni lazima kuwa nayo kwanza ndipo usiitumie, wakaambiwa si lazima. Kijiji kikaazimia kwa kauli moja kutoitumia. Picha ya pili ilionesha bahari, ikaachwa.

Kwa miezi mitatu Asukile alirudi Lwangilo kila baada ya wiki mbili, na kila aliporudi alikuta maajabu. Verediana alikuwa ameziingiza Hatua Tano kwenye darasa la kisomo. Akina mama ambao mwezi wa sita walitia dole gumba, mwezi wa tisa waliandika ubaoni ku-su-bi-ri bila kuinua chaki. Mzee Saulo alizitaja hatua zote kutoka ya tano kurudi ya kwanza. Asukile alipowapima kwa moto wa kubuni, yaani kibao kilichoandikwa MOTO, kijiji kizima kilikaa chini kwa mistari, kikakitazama kibao, kikasubiri saa nzima, kisha kikashukuru. Hakuna aliyecheka. Asukile hakugundua kwamba hilo lilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Aliandika Mbeya kwamba amepata kijiji cha mfano. Dakta Kalinga alijibu kwamba mtihani utafanyika hapohapo, mbele yake, mwezi wa Oktoba nyasi zikiwa zimekauka vizuri. Na ukifana, Mratibu ategemee kuwa Mratibu Mkuu, mwenye meza ambayo droo zake zinafungika. Mgeni rasmi angekuwa Dakta mwenyewe, kwa kuwa waliotangulia kualikwa hawakujibu barua.

Siku moja kabla ya mtihani, Asukile alifika kukagua uwanja, akakuta kijiji kizima kikilima. Walikuwa wanakwatua ukanda mpana kama barabara, kuanzia kijitoni mpaka kwenye miamba, katikati ya nyumba zao na uwanja wa mtihani. Hawakubakiza hata jani.

"Tunasafisha," alisema Verediana, akifuta jasho kwa kiganja. "Mgeni asije akachomwa na mbigili."

"Na upande huu litakaposimama hema la wageni?"

"Huo ni upande wa Taasisi. Tusije tukaharibu utafiti."

Asukile aliguswa. Aliandika: "Usafi wa mazingira, bora kabisa."

Hema la wageni lilisimamishwa hatua kumi na tano kutoka mahali pa kuwashia moto, ili Dakta aone bila kupindisha shingo. Nyuma ya hema iliegeshwa Landrova, na nyuma ya Landrova mteremko ulipanda kwenye mipaini michanga ya serikali, yenye umri wa miaka mitatu, imejipanga mistari mpaka juu. Ratiba ilisema Moto wa Kiwango cha Kati, hatua sita kwa sita, utawashwa saa nne kamili asubuhi.

Bibi Damari alimvuta Asukile pembeni. Alimwambia saa nne ni sawa, mwanangu, washa. Lakini ikipita saa sita usiwashe, kwa sababu upepo wa bondeni hugeuka na kupanda huku juu. Asukile alimwonesha ratiba, palipoandikwa kwamba siku nzima upepo utatoka mashariki. Bibi aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa heshima, akairudisha.

Dakta Kalinga aliwasili saa tano na nusu, kwa sababu alisimama Makambako kula. Alivaa kofia ngumu nyeupe. Kwa muda wa dakika hamsini alihutubia juu ya moto kama fursa, na alipomaliza, kijiji, kilichokaa kwa mistari nyuma ya ukanda uliolimwa, kilipiga makofi matatu ya pamoja. Sanduku la bati liliwekwa kwenye kiti upande wa magharibi, unakoelekea moshi wa ratiba. Saa sita na dakika ishirini na tano, Asukile aliwasha kiberiti.

Nyasi za Oktoba hazihitaji kubembelezwa. Hatua sita kwa sita ziliwaka, Dakta akatikisa kichwa kwa kuridhika, na upepo ukageuka.

Moshi uliacha sanduku upande wake na kwenda kumtembelea mgeni rasmi. Moto ukafuata. Asukile aliitazama taa nyekundu, haikuwaka. Akawatazama wananchi. Walikuwa wamekaa, mikono magotini, macho yote kwenye taa. Bibi Damari alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga, na mabega yalikuwa yakimtikisika, pengine kwa kikohozi.

Kamba ya kwanza ya hema ilikatika. Dakta alitoka akiwa na kofia lakini bila kiatu kimoja, akakimbia kuelekea Landrova, akabadili mawazo, akakimbia kuelekea mipaini, akabadili tena. Wataalamu wanne waliokuja naye walifanya utafiti wa aina hiyohiyo, kila mmoja upande wake. Dereva wa Landrova alikuwa ameshavuka kijito. Bango la KARIBU MGENI RASMI liliungua kuanzia mwisho, kwa hiyo kwa dakika moja nzima lilisomeka KARIBU tu. Hatimaye moto ulikifikia kiti cha magharibi kwa kuzunguka nyuma, na taa nyekundu ikawaka, nzuri, angavu, ikathibitisha miaka sita ya utafiti, kisha ikayeyuka.

"Hatua ya Kwanza," alisema Verediana kwa sauti ya darasani. Watu wote wakasimama.

Ya Pili haikuchelewa sana. Mzee Saulo alitafuta miwani, akaipata, akaisoma fomu mpaka nyuma, akatia saini. Akina mama wawili nao wakaandika majina yao yote matatu, kwa herufi za kuunganisha, kwa kuwa hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kusaini kitu cha serikali na hawakutaka kukiharibu. Ya Tatu, Jailos fundi baiskeli alipewa ujumbe wa kupeleka Mafinga. Alikagua mnyororo, akajaza upepo gurudumu la nyuma, akaaga. Kisha kijiji kikakaa chini tena, kwa mistari.

Moto ulikuwa umemaliza hema na sasa ulikuwa unalamba tairi la nyuma la Landrova. Ndimi zake ndefu zilishaanza kuinukia mipaini ya serikali. Dakta Kalinga alifika kwa Asukile akihema, uso umepakwa masizi nusu.

"Mbona wamekaa?"

"Wanasubiri, Ndugu Mkurugenzi. Ni Hatua ya Nne."

"Nani kawafundisha upuuzi huo?"

Asukile alifikiri jibu la kweli na jibu la busara, akakuta yanafanana. "Sisi," alisema.

Aliuvuka ukanda uliolimwa, na ni pale tu, akiwa katikati yake, udongo mtupu kushoto na udongo mtupu kulia, ndipo alipoelewa yale majembe ya jana yalikuwa yanasafisha nini. Hakuwa na muda wa kuandika. Alisimama mbele ya Verediana na kumwomba, kwa jina la taifa, wainuke waupige huo moto.

"Tuupige kwa kitu gani?"

"Kwa chochote. Kwa matawi."

"Tawi moja alama ishirini, Ndugu Mratibu. Sisi tuko mia tatu na kumi." Hakuwa anatabasamu. Macho yake yalikuwa juu ya mteremko, na kwa mara ya kwanza Asukile aliona kwamba alikuwa anajizuia asiukimbilie moto. "Watoto hawa wameshalala nje msimu mmoja wa mvua wakisubiri nyasi za kuezekea. Hatulali nje wa pili. Tuandikie."

"Niandike nini sasa hivi?"

"Mimi nitasoma, wewe andika. Na huyu mkubwa wako asaini."

Dakta alisema hatishwi na wanakijiji. Tairi la Landrova likapasuka kwa mlio wa bunduki. Dakta akasema karatasi iko wapi.

Ilipatikana fomu ya mtihani, wakaigeuza upande wa nyuma, na mgongo wa Mzee Saulo ukawa meza. Verediana alisoma polepole, kama anavyowasomea wanaojifunza. Kijiji cha Lwangilo kimefaulu Mtihani wa Utayari. Nukta. Hakitahamishwa mwaka huu wala mwaka mwingine. Nukta. Kinaombwa kuzima moto huu kwa njia zake chenyewe. Asukile aliandika "kinaruhusiwa". Akaambiwa afute aandike "kinaombwa". Dakta alisaini. Verediana akauliza muhuri. Muhuri ulikuwa mfukoni na wino umekauka, ikabidi mgeni rasmi aupumulie mara tatu kwa mdomo wazi, huku cheche zikimwangukia kwenye kofia.

Verediana aliipuliza karatasi ikauke, akaikunja, akaisunda kifuani. Ndipo akapiga yowe.

Asukile alikuwa ameandika kuhusu yowe lakini hakuwa amelisikia. Mia tatu na kumi waliinuka kwa pamoja. Matawi ya miwati, mabichi, yaliyokatwa tayari, yalitoka chini ya mikeka waliyokuwa wamekalia. Mstari ulijipanga bila mtu kuamrisha, akina mama katikati, na ukapanda mteremko ukipiga, hatua kwa hatua, ukiimba wimbo ambao maneno yake hayakuwa ya heshima kwa moto wala kwa Mbeya. Juu kabisa Bibi Damari na wazee wenzake, waliotangulia kwa njia ya mkato pembeni ya moto, walikuwa wameshachoma kipande. Moto ulifika pale, ukakosa chakula, ukafa. Dakika ishirini na tatu. Asukile alizipima kwa saa yake, kwa mazoea tu. Iliungua mistari miwili ya mipaini, hema, sanduku, na hadhi fulani ambayo haikuwa na fomu yake.

Jioni ileile Dakta alimwelekeza Mratibu aandike taarifa nzuri. Asukile aliandika taarifa sahihi, kwa kuwa hakuwahi kufundishwa tofauti. Alijaza fomu ya utayari kwa makundi yote mawili yaliyokuwapo kwenye tukio, kama maelekezo yanavyotaka. Lwangilo alikipa alama tisini na tisa, moja akiipunguza kwa sababu Jailos alikuwa bado hajarudi. Taasisi, baada ya kuhesabu waliokimbia ovyo na waliokimbia ovyo mara mbili, ilipata kumi na moja. Dakta hakusoma, alisaini palipotakiwa. Taarifa ikapanda ngazi mpaka Wizarani.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kurasa mbili, kwa lugha ya pongezi. Wizara iliisifu sera ya Taasisi ya kuwahamishia wasio na utayari karibu na msaada. Ilikuwa imetazama ramani na kuona kwamba msaada wa karibu, ulio hai na uliothibitishwa, uko Lwangilo. Kwa hiyo makao makuu ya Taasisi, pamoja na Mkurugenzi na wataalamu kumi na wanane, yahamie huko kabla ya tarehe ishirini na tano Novemba. Majengo ya Mbeya yapewe ofisi nyingine. Taasisi itapewa eneo.

Eneo lenyewe lilikuwa na nafasi. Lori liliwashusha na makabati yao kwenye majani, likageuza. Kijiji kiliwaonesha wapi pa kukata miti na wapi pa kukata nyasi, kikawapa jirani mwema kila upande, kikaenda shambani.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Igowole siku Verediana alipopita pale na mzigo wa kuni, akamkuta Asukile yuko juu ya paa, suti ya kaunda imekunjwa mpaka magotini, amekumbatia nguzo ya kileleni kwa mkono mmoja na kufunga nyasi kwa mwingine. Dakta Kalinga alikaa chini kwenye kabati lililolazwa, chini ya mwavuli, akisimamia. Verediana alitua mzigo. Aliitazama ile kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ndugu Asukile. Mbona umeanzia kileleni?"

"Mkurugenzi ameelekeza tuanzie juu."

"Nyumba inaezekwa kuanzia chini, kaka. Ya juu inailalia ya chini. Ukianza hivyo, maji yote yanaingia ndani."

Asukile aliitazama kazi yake ya siku tatu, akaitazama na mbingu. Tone la kwanza lilimpiga kwenye paji la uso. Akauliza, kwa sauti ndogo, sasa afanyeje.

"Fungua zote, ushuke," alisema Verediana, akijifunga khanga kiunoni na kuokota mganda wa nyasi. "Na umwambie mkubwa wako akunje mwavuli aje ashike ngazi. Nitafundisha mara moja tu."